SOMO: Njia ya Baiskeli ni Mali Yetu



Kule Hell's Gate, karibu na Naivasha, watu huendesha baiskeli kati ya punda milia bila kuogopa matatu. Sisi wa Eastlands pia tuna njia yetu, kando ya Outer Ring Road. Lakini bodaboda na vibanda vikiiziba, mwenye baiskeli anasukumwa kwenye magari.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera: asilimia 20 ya bajeti ya barabara iwafae waendao kwa miguu na baiskeli. Sera isiyoulizwa hubaki karatasi tu.

Fanyeni hivi:
1. Tembeeni njia pamoja, mwandike kila palipozibwa.
2. Zungumzeni na wachuuzi kwanza. Nao wana watoto wa kulisha.
3. Pelekeni orodha kwa mwakilishi wa wadi.

Mjadiliane: Je, kati yetu nani huziba njia?