Amri ya Saba Kwenye Kiriba cha Mche



Somo: Walawi 19:35-36, Luka 16:10

Mimi nauza miche. Nina kitalu kidogo hapa Singida, na siku za mnada nabeba viriba vyangu vya miembe, mipapai na michungwa, napanga chini karibu na wauza vitunguu. Leo tuitafakari amri ya saba, Usiibe, kupitia kazi hii. Ukiuza nyanya mbovu, mteja anajua jioni hiyohiyo. Ukimdanganya kwenye mwembe, atajua baada ya miaka, na sura yako ameshaisahau. Anayekuona ni Mungu tu.

1. Mwambie ukweli hata asiyejua kuuliza

Mwembe uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Wa mbegu unaweza kuchukua miaka 6 au zaidi. Uliobebeshwa una kovu sehemu ya chini ya shina, ila wateja wengi hawalijui. Mama mmoja alinyanyua mche wa mbegu akaniuliza, "Mwanangu, huu si ndio ule wa kisasa?" Nikamjibu, "Hapana mama, huo ni wa mbegu. Wa kisasa ni huu, ona kovu lake. Bei yake iko juu." Alitaka mitano, akaondoka na mmoja, hela yake iliishia hapo. Tusidanganyane: uaminifu una gharama.

2. Usiuze uzuri wa kivulini

Mche uliotolewa kivulini moja kwa moja una majani laini, unavutia kweli. Ukipandwa shambani, jua na upepo wa huku vinauunguza. Ndiyo maana kabla ya kuuza naupunguzia kivuli na maji kidogo kidogo ili ukomae. Unapoteza mng'ao, lakini unashika.

3. Kunyamaza nako kunaweza kuwa wizi

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida huishia Aprili. Kaka akija mwezi wa tano anataka miche 20, namuuliza kwanza: "Maji ya kumwagilia unayo?" Kama hana, namshauri achukue miwili atakayoweza kuitunza, mingine asubiri mvua.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inataja udanganyifu katika biashara, na hata kupandisha bei kwa kutumia kutojua au shida ya mwenzako, kuwa ni kuvunja amri hii. Kumbe kuiba si kuchomoa simu mfukoni tu! Kama umeshamdhulumu mtu, mkumbuke Zakayo: hakuishia kusikitika, aliahidi kurudisha mara nne. Nenda kitubio, kisha rudisha kilicho cha mwenzako.

Maswali ya kutafakari

- Katika kazi au masomo yangu, ni kitu gani mwenzangu hawezi kukikagua, ananiamini tu?
- Je, kuna ukweli ninaoufunga mdomoni kwa sababu ya hela?
- Ni nani ninayepaswa kumrudishia?

Tusali

Ee Yesu, uliyefanya kazi kwa mikono yako Nazareti, utupe riziki ya halali na ulimi wa kweli. Tunapoona faida ya haraka, utukumbushe mtu atakayesubiri matunda. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Amina.