Msumeno wa moteri na nyumba yake ya kazi



Treni ilifika Élisabethville mwaka 1910. Mji huo unaitwa Lubumbashi tangu 1966. Toka siku zile mji na migodi vinataka mbao, nguzo na makala, na miti inatoka katika pori letu. Babu zetu waliikata kwa shoka. Leo wengi wanaikata kwa msumeno wa moteri. Muputu na mutondo ni miti migumu: msumeno usiotunzwa hauiwezi.

Sikilizeni kwanza habari yangu. Mimi na yaya yangu tulichanga fedha tukanunua msumeno. Nyumbani tulikuwa na bidoni mbili zilizofanana: moja ya esanse tupu ya pikipiki, moja ya esanse iliyochanganywa na mafuta. Hatukuandika kitu juu yake. Asubuhi moja nilimimina ile tupu. Moteri ililia kwa nguvu muda kidogo, kisha ikakwama. Pistoni ilikwaruzwa, silinda pia. Fedha ya mavuno mawili ilipotea. Yaya yangu hakunigombeza. Alinyamaza tu, na hilo lilinichoma zaidi. Kosa halikuwa la mashini. Lilikuwa la nyumba ya kazi isiyopangwa.

I. Kupanga nyumba ya kazi

Jenga kibanda kidogo, mbali na jiko. Tia mbao ukutani, piga misumari, kila chombo kiwe na mahali pake: tupa, ufunguo wa buji, bisibisi, burashi. Kuzunguka kila chombo chora umbo lake kwa makala. Jioni ukiona umbo tupu, unajua kitu gani kimebaki porini.

Bidoni za esanse ziandikwe kwa rangi, zifungwe vizuri, zikae kivulini, mahali watoto hawafiki. Usimimine esanse karibu na mbabula au sigara; mvuke wake unatambaa chini na kufuata moto. Tena usiwashe moteri ndani ya kibanda. Katika moshi wake mna hewa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua mtu.

II. Kuchanganya mafuta

Soma kitabu cha mashini yako. Kikitaka sehemu 1 ya mafuta kwa 50 za esanse, basi lita 5 za esanse zinataka desilita 1 ya mafuta ya moteri ya namna hiyo. Kikitaka 1 kwa 25, tia desilita 2. Pima kwa chombo, usikisie kwa macho. Tikisa bidoni kabla ya kumimina. Mafuta ya mnyororo ni mengine, yana tangi lake.

III. Kunoa mnyororo

Msumeno ukitoa vumbi laini pahali pa vipande, au ukitaka kusukumwa, meno yamekufa. Fanya hivi:

1. Zima moteri, ondoa waya ya buji.
2. Chagua tupa ya duara inayofaa mnyororo wako. Minyororo mingi inataka ya milimita 4, 4.8 au 5.2.
3. Sukuma tupa toka ndani ya jino kwenda nje, ukifuata mstari uliochorwa juu ya jino. Unaporudi, inua tupa.
4. Kila jino lipate hesabu moja ya kusukumwa. Upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, msumeno utakata kwa kupinda.

Kisha kaza mnyororo ungali baridi: uguse chuma chake chini, lakini uvutike kwa mkono wenye glavu. Kazi ikiisha ulegeze, maana ukipoa unajikunja. Kila unaponoa, geuza chuma juu chini, kisiliwe upande mmoja.

IV. Moteri ikikataa kuwaka

Usivute kamba kama mtu mwenye hasira. Uliza kwa taratibu: Iko esanse? Kichujio cha hewa ni safi? Wakati wa kiangazi vumbi letu jekundu linakiziba. Kikung'ute kila siku. Buji ikoje? Ikiwa imelowa, ifute, iache ikauke mbali na moto, kisha uirudishe. Ikiwa nyeusi, isugue kwa burashi.

V. Mwili wako

Usikate kwa ncha ya juu ya chuma. Ikigusa mti, msumeno unaruka nyuma kuelekea uso. Kabla ya kukata, jaribu breki. Vaa viatu vigumu, funika macho na masikio, usifanye kazi peke yako porini.

Maulizo

1. Kwa nini bidoni zinaandikwa?
2. Lita 10 za esanse, sehemu 1 kwa 50: mafuta kiasi gani?
3. Ishara gani inaonyesha meno yamekufa?

Ndugu, anza leo na bidoni zako mbili. Rangi kidogo ni bei rahisi; moteri mpya ni mavuno mawili.