Dondoo muhimu: Presha, usipa na asidi ya yuriki

Habari za chumvi wenye presha wengi wanazijua. Asidi ya yuriki huisikia siku kidole gumba cha mguu kinapovimba usiku wa manane, hata shuka likikigusa ni kilio. Hilo ni jongo. Lakini hata pasipo maumivu, asidi hiyo ikizidi huhusishwa na upungufu wa naitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu, na hivyo mishipa hukakamaa.

Mbamba Bay na Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, kitoweo ni usipa, samaki mdogo anayeliwa mzima na matumbo yake, hivyo purini zake, ambazo mwilini hugeuka asidi ya yuriki, ni nyingi. Si lazima kuuacha. Mwenye presha apunguze kiasi, siku nyingine ale maharage, ambayo hayaonekani kuchochea jongo. Pombe ya komoni, bia na soda ndizo za kuogopa zaidi. Kahawa ya Mbinga, kwa bahati nzuri, haina kesi hapa: wanywaji wa kahawa hupata jongo mara chache zaidi, ilimradi sukari isimwagwe kikombeni.

Kuhusu dawa za presha, haidroklorothiazaidi huifanya figo ibakize asidi hiyo, ilhali losartani husaidia kuitoa. Kidonge hakiachwi kienyeji. Aulizwe daktari, hospitali ya Litembo au kwingine, pamoja na kipimo cha damu. Asidi ikipita miligramu 6.8 kwa desilita, chembe ngumu zinaweza kujijenga kwenye viungo.

Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, nayo isinunuliwe dukani eti kulinda moyo. Utafiti wa Uingereza wa ALL-HEART, uliotoka 2022 ukihusisha zaidi ya wagonjwa 5,700 wa moyo wasio na jongo, haukuiona faida hiyo.