Mdogo Wangu, Viungo Vinauma Saa Ngapi?

Mdogo wangu, kabla hujamtuma mtoto duka la dawa akakuletee diklofenaki, nijibu kwanza swali moja: viungo vinakuuma zaidi saa ngapi? Ni asubuhi unapoamka, jioni baada ya kazi, au usiku wa manane? Najua ulitegemea nikuulize unaumwa wapi. Hilo nalo nitakuuliza, ila saa hufichua mengi zaidi.

Majumbani kwetu kila kiungo kinachouma huitwa baridi yabisi, na lawama huangukia sakafu ya sementi, maji ya baridi uliyooga alfajiri au feni uliyolala nayo. Baridi inaweza kuchochea maumivu yaliyokwisha kuwapo, lakini haiyaanzishi. Magonjwa ya viungo yanayojulikana yanazidi 100, na vyanzo vyake vinatofautiana sana. Kuna ambayo gegedu limelika. Kuna ambayo kinga ya mwili imeugeukia mwili wenyewe. Mengine ni chembechembe za asidi zilizoganda ndani ya kiungo, na mengine ni bakteria walioingia humo. Ukiyapa yote dawa moja ya kutuliza maumivu, utapata nafuu ya siku mbili tatu huku ugonjwa ukiendelea kula kiungo.

Nianze na unaonisikitisha kuliko yote, rumatoidi athraitisi, kwa sababu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na wengi huwaanza wakiwa na miaka 30 au 40 na kitu, watoto bado wadogo na kazi zimewazunguka. Hapa kinga ya mwili hushambulia utando laini unaozunguka kiungo. Unaamka saa kumi na mbili, vidole havikunjiki. Huwezi kukamua nguo, huwezi kushika mwiko ukasonga ugali, hata kufunga kifungo cha sare ya mtoto ni kazi. Inafika saa moja, saa mbili, ndipo mikono inaanza kulegea. Ugumu wa asubuhi unaodumu saa nzima au zaidi, tena kila siku kwa wiki kadhaa, usiupuuze hata kidogo. Tazama pia kama maumivu yako pande zote mbili: mkono wa kulia na wa kushoto, kwenye vifundo vya vidole na viwiko vya mikono, au chini ya vidole vya miguu. Ukivibonyeza vifundo hivyo utahisi vimevimba kwa ulaini, kama maandazi yaliyoumuka.

Tena hauishii kwenye mikono. Unakuja na uchovu usioisha kwa kulala, vihoma vya hapa na pale, damu kupungua, mwili kukonda. Mwanamke anaambiwa ana taifodi, anatibiwa. Anaambiwa ni brusela ya maziwa yasiyochemshwa, anatibiwa tena. Brusela kweli huumiza viungo, sikatai, lakini ukishatibiwa na vidole bado vimevimba, rudi hospitali uulize upya. Na nyumbani huku wifi anasema amekuwa mvivu. Naomba familia zinisikie: huyo dada anaumwa.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ugonjwa huu mara nyingi hutulia wakati wa ujauzito, halafu hulipuka miezi michache baada ya kujifungua. Kwa hiyo mzazi analaumiwa kwamba hakukandwa vizuri maji ya moto, au alitoka nje mapema. Hakukosea chochote. Apelekwe kliniki mapema, kwani miezi ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuokoa viungo. Mifupa ikishaliwa na vidole vikapinda, dawa haitavinyoosha.

Ujue pia kwamba kipimo cha damu cha rumatoidi fakta kinaweza kutoka hasi nawe unaumwa kweli, au kikatoka chanya kwa mtu mzima wa afya. Daktari anahitaji kuona mikono yako pia. Na kwa kuwa utafika kwenye chumba chake saa saba mchana, uvimbe umeshapungua, ipige picha mikono kwa simu mara tu unapoamka ukamwonyeshe.

Sasa magoti ya mama. Anashuka kwenye daladala kwa kushikilia mlango, anapoinuka kwenye kigoda goti linalia, kusujudu kumekuwa kugumu. Asubuhi anakakamaa kidogo, dakika zisizofika 30, kisha anafunguka. Maumivu humzidi jioni baada ya kutembea na kusimama, na akipumzika hupoa. Hiyo kwa kawaida ni osteoathraitisi, kulika kwa gegedu linalofunika ncha za mifupa. Hupenda magoti, nyonga, mgongo, na kwenye mikono hukaa zaidi kwenye kiungo cha mwisho karibu na kucha, mahali ambapo rumatoidi kwa kawaida haipagusi. Umri unachangia, na uzito, na jeraha la zamani. Kijana aliyeumia goti uwanjani anaweza kuupata mapema.

Mama huyu asiambiwe akae tu. Misuli ya mapaja ikilegea, goti hubeba mzigo wote peke yake. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele, auzuie hewani sekunde chache, ashushe, arudie, kila siku. Kama ana uzito wa ziada, kila kilo moja anayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua. Na mkongojo aushike kwa mkono wa upande wa pili, goti la kulia likiuma ashike kwa kushoto. Wengi hushika kinyume.

Gauti, ambayo wazee huiita jongo, huja usiku ghafla. Mtu amelala mzima, saa nane anaamshwa na kidole gumba cha mguu, chekundu, cha moto, kinang'aa, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Ni asidi ya yuriki iliyozidi kwenye damu ikaganda ndani ya kiungo. Nyama nyekundu, maini, figo, dagaa, bia na soda zenye sukari huchangia, lakini msimcheke mgonjwa kwamba kaponzwa na nyama choma. Figo dhaifu, kurithi, na baadhi ya dawa za presha zinazokojoza navyo vinahusika. Maharage ambayo watu wamekatazwa miaka yote hayajaonekana kuongeza hatari. Wanawake huipata zaidi baada ya kukoma hedhi. Asidi ikipimwa siku ya maumivu inaweza kuonekana ya kawaida, basi irudiwe wiki chache baadaye. Na akiandikiwa alopurinoli asiiache kwa sababu kidole kimepoa. Akitokwa na upele, hapo aache mara moja awahi hospitali.

Kiungo kimoja kikivimba, kikawa cha moto, na mtu ana homa au hawezi kukikanyagia, usisubiri asubuhi. Bakteria wakiingia ndani ya kiungo wanaweza kukiharibu kwa siku chache tu. Kwa mtoto, fanya haraka zaidi.

Na ninyi mama wa watoto wa shule, kati ya miaka 5 na 15, sikilizeni vizuri. Mtoto aliumwa koo, mkampa maji ya chumvi akasukutua, likaisha. Baada ya wiki mbili au tatu goti linavimba, linapoa, maumivu yanahamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Hiyo inaweza kuwa homa ya rumatiki. Viungo vitapona vyenyewe, lakini vali za moyo zinaweza kubaki na makovu ya maisha, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inawatibu vijana ambao vali zao ziliharibika namna hiyo. Akigundulika mapema, hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi ili koo lisimrudie na kuumiza moyo zaidi. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili anayevimba viganja na miguu huku akilia, ombeni apimwe selimundu.

Niwakumbushe wa pwani pia kwamba kuna virusi vya mbu, chikungunya, vilivyotambuliwa mara ya kwanza mwaka 1952 kule uwanda wa Makonde na vikazuka Lamu na Mombasa mwaka 2004. Homa inaisha, viungo vinaweza kuuma kwa miezi.

Kuhusu dawa, nasema kwa uchungu. Diklofenaki ya kila siku bila kupimwa hutoboa tumbo, huchosha figo na kupandisha presha. Vidonge vidogo vya predinisoloni vinavyouzwa kiholela huleta nafuu ya ajabu, kisha uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika. Ukishavitumia muda mrefu usivikate ghafla, mwone daktari akupunguzie polepole. Dawa ya kienyeji inayoondoa maumivu yote kwa usiku mmoja itilie shaka, maana nyingine zimewahi kukutwa zimechanganywa na dawa hizohizo.

Kwa rumatoidi, dawa inayotumika sana ni methotreksate. Ni dawa nzuri, inaokoa mikono, lakini ina masharti. Damu ipimwe mara kwa mara kuangalia ini na chembe za damu. Haifai kwa mjamzito, kwa hiyo kama mna mpango wa mtoto mwambie daktari kabla hujashika mimba. Na inamezwa mara moja tu kwa WIKI. Wapo waliopoteza maisha kwa kuimeza kila siku. Chagueni siku, tuseme Ijumaa jioni, iandikwe kwa kalamu ya wino juu ya boksi la dawa, na mtu mmoja zaidi pale nyumbani aijue.