SOMO LA WIKI: Soma bajeti ya halmashauri kabla hujalipa kilemba

Wafanyabiashara wengi hufuatilia bei ya dola na ya mafuta kila wiki, lakini ni wachache wanaofuatilia bajeti ya halmashauri yao. Hata hivyo, halmashauri ndiyo yenye sauti kubwa kuhusu soko lijengwe wapi, stendi ihamie wapi na kizimba kilipiwe ushuru kiasi gani. Uamuzi wa aina hiyo unaweza kupandisha au kuangusha thamani ya fremu.

Mfano mzuri ni stendi ya Ubungo, Dar es Salaam. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani yalianzia hapo, na mama lishe, wenye gesti na wauza vinywaji waliishi kwa abiria hao. Februari 2021 stendi mpya ya Magufuli ilizinduliwa Mbezi Luis, na abiria wakahamia huko. Aliyelipa kilemba Ubungo mwishoni mwa mwaka 2020 alinunua wateja waliokuwa wanafunga mizigo. Habari hiyo haikuwa siri. Jengo lilikuwa likiinuka kando ya Barabara ya Morogoro mbele ya macho ya wote.

Vipaumbele hupatikanaje?

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mpango wa halmashauri hupita ngazi nne kabla ya tarehe hiyo.

1. Mtaa. Wakazi huibua miradi kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo.

2. Kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, huchuja maombi ya mitaa.

3. Halmashauri. Wataalamu walio chini ya mkurugenzi huunganisha maombi ya kata zote na kuyapima kwa mwongozo wa bajeti kutoka Serikali Kuu. Kamati za kudumu huyajadili, kisha Baraza la Madiwani hupitisha.

4. Mkoa, TAMISEMI na hatimaye Bunge.

Mfanyabiashara anayelalamika mwezi Julai amechelewa. Sauti yake husikika vizuri zaidi katika ngazi mbili za mwanzo, ambako orodha bado inaandikwa.

Fuata fedha

Orodha ya miradi huwa ndefu kuliko mfuko. Kwa hiyo usiishie kusoma jina la mradi. Tazama fedha zake zinatoka wapi.

Mapato ya ndani, kama ushuru wa huduma, leseni na ushuru wa masoko, hutegemea makusanyo. Yakipungua, mradi husubiri. Aidha, sheria imekwisha kuyagawa kabla madiwani hawajaketi: asilimia 10 ni ya mikopo ya vikundi, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Ruzuku na mikopo huja na masharti yake, na huwezesha miradi ambayo mapato ya ndani peke yake yasingeimudu. Soko la Job Ndugai na stendi kuu ya Dodoma zilijengwa kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia.

Dodoma inafundisha jambo jingine pia. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilipovunjwa Mei 2017, kazi ya viwanja ilikwenda kwa halmashauri na mapato yakapanda sana. Lakini kiwanja huuzwa mara moja, ilhali ushuru wa soko hulipwa kila mwezi. Jiji linalotegemea viwanja lazima litafute chanzo kingine, na mara nyingi macho huelekea kwa wenye biashara.

Ushauri wetu

Kwanza, kabla ya kulipa kilemba au kuchukua mkopo wa fremu, muulize diwani au ofisa biashara kama kuna soko, stendi au barabara iliyopangwa jirani. Barabara nyingi za mijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017, hivyo uliza huko pia.

Pili, linganisha bajeti ya mwaka uliopita na fedha zilizotumika kweli. Mradi unaoandikwa kila mwaka bila kupata fedha bado ni ahadi tu.

Tatu, hudhuria kikao cha Baraza la Madiwani. Vikao vya kawaida huwa wazi kwa wananchi, na kiingilio hakuna.