Kuiunganisha Kompyuta ya Zamani kwenye Mtandao wa Ndani

Katika maduka, zahanati na karakana nyingi bado ipo kompyuta moja iliyokataa kustaafu. Aghalabu inatumia Windows 98, mfumo ambao mtengenezaji wake aliacha kuuhudumia tarehe 11 Julai 2006, na ndani yake mna programu ya hesabu au ya stoo iliyoandikwa na mtu asiyepatikana tena. Madeni ya wateja, mishahara na bei za manunuzi vyote vimo humo. Mwenye mali hutaka jambo moja tu: kuzitoa taarifa hizo kila jioni na kuziweka mahali salama kabla diski haijafa. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba haiwezekani, au kwamba inawezekana kwa gharama inayokaribia bei ya kompyuta mpya. Somo hili linaieleza kazi yenyewe, ili msomaji aifanye kwa mkono wake au, akimwita fundi, ajue analipia nini.

Swali la kwanza huwa ni kwa nini isitumike flashi. Windows 98 haikuja na kiendeshi cha jumla cha flashi. Kila aina ilihitaji kiendeshi chake, na nyingi zinazouzwa leo hazina kabisa kiendeshi cha mfumo huo. Hata hivyo tuseme wazi: ikiwa kompyuta haitatumika tena na kinachotakiwa ni kuhamisha taarifa mara moja, somo hili ni refu kuliko haja. Diski kuu itolewe, iunganishwe kwenye kompyuta mpya kwa adapta ya kubadili IDE kuwa USB, faili zinakiliwe, kazi imekwisha. Mtandao unafaa pale ambapo mashine itaendelea kufanya kazi kila siku. Na hata hapo adapta hiyo inunuliwe, kwa sababu nakala kamili ya diski ifanywe kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Diski ya umri huo inaweza kukataa kuwaka asubuhi yoyote, pamoja na ile mliyoichagua kwa kazi hii.

Windows 98 huugawa mtandao katika vitu vinne, na ukifungua alama ya "Network" katika paneli ya mipangilio ukabonyeza "Add" utaviona vyote. Cha kwanza ni adapta, yaani kadi ya mtandao pamoja na kiendeshi chake, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuitambua kadi na kuitumia. Cha pili ni itifaki, ndiyo lugha ambayo kompyuta mbili hukubaliana kuzungumza. Cha tatu ni programu ya mteja, inayoomba faili kwa kompyuta nyingine. Cha nne ni huduma, ambayo ni kinyume cha mteja: hutoa faili za kompyuta hii kwa wengine wanaoziomba. Watu wengi huviweka vyote vinne kwa kudhani kwamba kilichozidi hakidhuru. Kwa kazi yetu huduma haihitajiki hata kidogo, maana mashine ya zamani itapeleka faili yenyewe. Hakuna haja ya kuifungulia mlango.

Kiendeshi ndicho kinachowakwamisha wengi, na ndicho kinachowaingiza wengine hasarani. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, kisha soma maandishi yaliyo kwenye chipu kubwa kuliko zote katika kadi. Usitegemee jina lililo kwenye boksi, kwani boksi moja limewahi kubeba kadi zenye chipu tofauti. Chipu iliyoenea sana katika kadi za bei nafuu ni RTL8139 ya kampuni ya Realtek. Kiendeshi kitafutwe kwa jina la chipu na kwa jina la mfumo, yaani Windows 98, kwa kuanzia kwa mtengenezaji wa chipu au katika CD iliyokuja na kadi.

Kiendeshi halali cha mfumo huu huwa na faili inayoishia na .inf, ambayo ni maandishi ya kawaida na inaweza kufunguliwa kwa Notepad. Kwa RTL8139 utakuta humo maneno VEN_10EC na DEV_8139. La kwanza ni namba ya mtengenezaji, la pili ni namba ya chipu. Usipoyaona, hicho si kiendeshi chako. Na ukipewa programu moja inayodai kwamba itatafuta na kusakinisha viendeshi vyote vya kompyuta yako, tena inayotaka malipo kwanza, iache. Kiendeshi kikishapatikana, kiandike kwenye CD, kwani mashine yenyewe haina njia nyingine rahisi ya kukipokea.

Kabla ya kukisakinisha, nakili folda ya WIN98 kutoka CD ya Windows kwenda kwenye diski kuu. Mfumo utaiulizia CD hiyo mara kadhaa, na fundi asiyekuwa nayo huanza kubahatisha. Kadi ikishakubali, katika orodha ya vifaa haitakuwa na alama ya mshangao ya manjano. Alama ikiwapo, usiendelee na itifaki. Kosa liko chini, na kurekebisha vya juu hakutalifikia. Tazama pia taa za kadi na za swichi. Tulipoijaribu kazi hii wenyewe tulipoteza asubuhi nzima tukibadilisha viendeshi, kumbe kebo ndiyo iliyokuwa imekatika kwa ndani.

Itifaki ni TCP/IP peke yake. Ukikuta NetBEUI au IPX/SPX, ziondoe. Anwani ziandikwe kwa mkono: kompyuta ya zamani ipewe 192.168.77.2, kompyuta mpya ipewe 192.168.77.1 kwenye kadi yake ya kebo, na zote mbili zipewe kinyago cha 255.255.255.0. Namba 77 tumeichagua ili isigongane na ile ambayo ruta ya intaneti huwa inaitumia. Nafasi ya lango, yaani "Gateway", iachwe tupu kwenye kadi hizo mbili. Bila lango, mashine ya zamani haina njia ya kutoka kwenda intaneti. Hilo peke yake halitoshi, kwa hiyo kompyuta hizo mbili ziwekewe swichi yao ndogo isiyounganishwa na ruta. Bei ya swichi ya aina hiyo ni ndogo ukiilinganisha na kinacholindwa.

Baada ya kuwasha upya, andika winipcfg uhakikishe kwamba anwani ni ile uliyoiweka. Kisha jaribu ping, lakini uanzie kwenye kompyuta mpya kuelekea ya zamani. Ukianzia upande wa pili huenda usijibiwe ingawa kila kitu ni kizima, kwa kuwa ngome ya Windows za sasa kwa kawaida huizuia ping inayotoka nje. Tumeona watu wakivunja mpangilio uliokuwa sahihi kwa sababu ya kimya hicho.

Sasa programu ya mteja. Windows 98 ina mteja wake wa kushirikisha folda, na mteja huyo huzungumza toleo la zamani la itifaki ya SMB, liitwalo SMB1. Windows 10, tangu toleo la 1709 la mwaka 2017, haiji tena na SMB1 ikiwa imewashwa katika usakinishaji mpya. Mafundi wengi hushauri kuiwasha, na kweli folda huonekana mara moja. Sisi hatushauri hivyo. Mwezi Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kupitia dosari iliyokuwa katika SMB1, ikafunga faili za watu na kudai fidia. Kuiwasha ni kuidhoofisha kompyuta mpya kwa ajili ya ile ya zamani.

Badala yake tumia ftp, mteja anayekuja pamoja na TCP/IP ya Windows 98. Katika kompyuta mpya sakinisha programu ya seva ya FTP, ipe folda moja tu na nenosiri lisilotumika mahali pengine, na uiruhusu katika ngome. FTP haifichi nenosiri wala faili zinazopita, ndiyo maana tumesisitiza swichi ya peke yake. Kwenye mashine ya zamani fungua dirisha la MS-DOS, ingia folda ya hesabu, andika ftp 192.168.77.1, ingiza jina na nenosiri, kisha andika binary kabla ya put. Neno binary lisisahauliwe: bila hilo ftp huichukulia faili kuwa maandishi na inaweza kuibadilisha njiani, nawe usigundue hadi siku utakapoihitaji. Linganisha ukubwa wa faili kwa baiti pande zote mbili.

Ukilazimika kumtumia mteja wa Microsoft, kwa mfano kati ya mashine mbili za zamani, kumbuka kwamba dirisha la jina na nenosiri linalotokea wakati wa kuwasha si pambo. Anayelifunga kwa kubonyeza Esc huingia Windows bila kuingia kwenye mtandao, halafu hulaumu kadi.

Fundi akiitwa, taarifa zilizomo bado ni dhamana ya mwenye biashara, na zikiwa za wagonjwa au wateja zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Diski isiondoke nayo kwenda dukani kwake. Mdai stakabadhi, CD ya kiendeshi, na karatasi yenye anwani, majina na kila alichobadilisha. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya kasha la kompyuta, maana atakayeifungua mara ijayo huenda akawa mtu mwingine.