Mshairi Aliyenyamaza Kisha Akasema: Daniel Abdal-Hayy Moore



Kila mwaka wanafunzi wapya wanapoanza kuhudhuria darsa za jumuiya yetu, kuna swali ambalo halikosi: je, Muislamu anaruhusiwa kuandika mashairi? Anayeuliza mara nyingi ana daftari lake mkobani. Na mara nyingi hujibiwa harakaharaka kwa aya za mwisho za Suratu Shu'araa, zinazosema kwamba washairi hufuatwa na wapotovu, hutangatanga katika kila bonde na husema wasiyoyatenda. Mjibuji huishia hapo. Aya ya 227 haisomwi, nayo ndiyo inayowatoa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na wakamkumbuka Allah kwa wingi. Kwa maoni yangu, kuishia aya ya 226 ni kumsomea mtu nusu ya hukumu.

Ndugu msomaji, safari hii sitarudia mjadala wa dalili. Nataka tutazame maisha ya mtu mmoja aliyelibeba swali hili miaka mingi.

Daniel Moore alizaliwa mwaka 1940 Oakland, California. Mwaka 1964, kabla hajatimiza miaka 25, kitabu chake cha kwanza, Dawn Visions, kilitolewa na City Lights ya San Francisco. Si jambo dogo. Hao ndio waliochapisha Howl ya Allen Ginsberg, kitabu kilichofikishwa mahakamani mwaka 1957 kwa madai ya uchafu wa lugha. Kijana aliyepokelewa na nyumba ile alikuwa amefunguliwa mlango wa umaarufu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto, alianzisha huko Berkeley kundi la maigizo ya muziki na ibada za kubuni, Floating Lotus Magic Opera Company. Ukiyatazama mambo yale kwa jicho la leo, unamwona mtu anayetafuta ibada bila kujua aielekeze wapi.

Mwaka 1970 alisilimu, akachukua jina la Abdal-Hayy, mja wa Aliye Hai. Njia iliyomfikisha ilikuwa ya wafuasi wa Sheikh Muhammad ibn al-Habib wa Meknes, Morocco, katika tariqa ya Shadhiliyya Darqawiyya. Mwaka 1972 alihiji. Mwaka huohuo City Lights ilitoa kitabu chake cha pili, chenye utenzi kwa waliokufa vitani. Kisha kukawa kimya. Hakuonekana tena na kitabu kipya hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika miaka ile aliishi Morocco, Hispania, Algeria na hata Nigeria.

Pengo hili la takriban miaka kumi ndilo linalonivuta kuliko vitabu vyenyewe. Tulipomsoma Labid bin Rabia darasani, mmoja wa wenye Mu'allaqat, tuliona imepokewa kwamba baada ya kusilimu aliacha mashairi karibu kabisa, akisema Allah amempa Suratul Baqara badala yake. Upande wa pili yupo Hassan bin Thabit, aliyewekewa mimbari ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) ili amtetee kwa beti zake. Wote wawili ni masahaba. Sisi hupenda kumchagua mmoja na kumsahau mwenzake, lakini Moore alipita kwa wote wawili: kwanza akafuata mwenendo wa Labid, kisha akarudi kwa Hassan. Na aliporudi, hakurudi na yaleyale. Mwaka 1996 alichapisha The Ramadan Sonnets. Soneti ni umbo la Kiitaliano ambalo Petrarca na Shakespeare walilitumia kuimba mapenzi ya watu. Yeye alilipa njaa ya mfungaji.

Tangu 1990 aliishi Philadelphia. Huko alianzisha mfululizo wake mwenyewe, The Ecstatic Exchange, akajichapishia vitabu kwa makumi mpaka alipofariki Aprili 2016, Allah amrehemu. Si vyote vina uzito sawa. Aliandika mno, na kuna mashairi yake ambayo yangepona kwa kukatwa nusu. Aliyelelewa na vina na mizani, kama wengi wetu tuliosomeshwa tarbia, atahisi mwanzoni kama anasoma nathari iliyokatwakatwa. Avumilie kidogo.

Kuna kazi yake moja ambayo haitajwi sana. Sheikh Hamza Yusuf alipoifasiri Burda ya Imam Busiri kwa Kiingereza, Moore alikuwa mmoja wa wahariri. Busiri huyohuyo ndiye mtunzi wa Hamziyya, ambayo karne kadhaa zilizopita Sayyid Aidarus bin Athumani aliitia katika Kiswahili, na watu wa pwani wakaisoma katika maulidi zao. Kwa hiyo mshairi wa California na mshairi wa pwani ya Afrika Mashariki walikaa mbele ya mzee mmoja wa Misri, kila mmoja akimtafutia maneno ya kwao.

Mwenye daftari mkobani na aje nalo darsani wiki ijayo. Tutaanza na aya ya 227.